Klina Imechoka

Nilikuwa natoka Kulamawe, kwa matanga ya Mama Sofia, pikapu yangu ilipoanza kuvuta kwa shida. Nakanyaga mafuta, yenyewe inaguna tu, na nyuma moshi mweusi. Nikaifikisha Isiolo mjini kwa dua, nikaingia gereji ya kwanza niliyoiona. Fundi akafungua boneti, akapekua kidogo, kisha akasema bila hata kuniangalia, "Mama, hii klina imechoka. Ibadilishwe." Haki ya Mungu! Mimi bibi mwenye wajukuu, niliyekaa siku nzima kwenye mkeka wa matanga bila kutoa chozi, nilishika mlango wa gari nikatetemeka kama niliyemwagiwa maji baridi. Fundi akaniuliza kama nina ugonjwa wa sukari. Nikamwambia sina sukari, afanye kazi yake. Yeye alikuwa anazungumzia kile kichujio cha hewa ya injini, ambacho mafundi wetu wanakiita eya klina, au klina kwa kifupi. Hakuwa na kosa. Lakini maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, ndiyo yaliyonipiga mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, na yalinipiga mahali ambapo hadi leo pakiguswa nashtuka.

Mwaka ule, miaka ya themanini ikiwa bado michanga, nilikuwa klina mimi mwenyewe. Nilifagia na kupiga deki ofisi za mradi mmoja wa chanjo ya mifugo pale mjini, nikiosha vikombe na kupanguza vumbi ambalo lilirudi kabla sijakamua kitambaa. Jina langu ni Esta Akiru, lakini pale hakuna aliyelitumia. Klina, leta chai. Klina, fagia hapa. Mtu akiulizia niliko, anajibiwa, "Klina imepita sasa hivi." Imepita, si amepita. Msinicheke. Kiswahili chetu cha Isiolo wakati ule kilikuwa cha kuazima: Mborana amekiazima, Mturkana amekiazima, Mmeru amekiazima, na nguo ya kuazima hakuna anayeipiga pasi. Mtu imekuja, ng'ombe imekuja, mvua imekataa kuja. Wote tulikuwa "i", na tulielewana vizuri tu. Sikuwahi kufikiri kwamba herufi moja inaweza kumtoa mtu kazini. Mwalimu wa ngeli angenieleza mapema ningemlipa.

Nilipanga chumba ndani ya ua wa Mzee Galgalo, bwana stoo wa mradi huo huo, mtaani Bula Pesa. Kilikuwa chumba cha udongo chenye paa la mabati, kitanda cha kamba, na ukuta mmoja wa madebe yaliyopondwa ambao ulinitenganisha na chumba cha wenye nyumba. Ukuta ule ulizuia macho, haukuzuia kitu kingine. Nilisikia Mzee Galgalo akikoroma, nilisikia mkewe Mama Sofia akihesabu tasbihi, nilisikia wakibishana kwa Kiborana juu ya mbuzi wa kuuza na binti yao Sofia aliyeolewa Garbatulla. Lugha hiyo nilikuwa nimejifunza sokoni, kwa hivyo hawakuwa na siri. Na chakula, jamani. Mama Sofia alikuwa anapika wali kwa samli, juu yake anatandaza nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo iliyokaangwa ikakauka, na kila kitu kinawekwa kwenye sinia moja pana katikati ya mkeka. Mzee Galgalo alikuwa anakula nasi wanawake, jambo lililowafanya wazee wenzake wamtanie msikitini, lakini yeye alisema nyumba haina watoto tena, atakula na nani, na paka? Siku niliyoingia na kibweta changu, mimi Mturkana na Mkristo, nilikaa kando nikingoja sahani yangu. Mama Sofia akaniuliza kama ni mgonjwa. Katika nyumba ile, mtu aliyepewa sahani ya peke yake alikuwa ama mgeni mkubwa ama mgonjwa. Nikanawa mikono nikasogea.

Sasa mje kwenye gari. Gari la zamani la mradi lilikuwa na klina ya bakuli la chuma lenye oili ndani. Vumbi linaingia, linazama kwenye oili. Ikichafuka unaimwaga, unaosha bakuli kwa petroli, unatia oili nyingine, maisha yanaendelea. Mwaka ule likaja gari jipya la dizeli, na klina yake ilikuwa ya karatasi, imekunjwakunjwa kama sketi ya sare ya shule. Mutuma, fundi wetu, Mmeru mrefu asiye na maneno mengi, alimwambia dereva Wario kwamba hii haioshwi. Inagongwagongwa polepole vumbi lianguke, na ikichoka inatupwa. Wario alimwangalia kama mtu aliyeambiwa amtupe ng'ombe kwa sababu ana kupe. Kitu kinaitwa klina, halafu hakisafishwi? Mutuma akigeuka tu, Wario anaitoa, anaiosha kwa sabuni ya unga, na kuianika kwenye ua karibu na vitambaa vyangu vya kupangusia. Mpya zilikuwepo stoo, ndani ya maboksi yake. Lakini Mzee Galgalo alikuwa na dini yake ya pili: kitu kipya hakitoki stoo mpaka cha zamani kife na yeye aione maiti.

Na ukame ulikuwa umetushika. Njia ya Garbatulla ilikuwa unga mtupu, gari likipita Korbesa au Merti linarudi limegeuka rangi. Gari likaanza kukohoa. Na mimi, kwa bahati yangu, nikaanza kukohoa pia. Nilikuwa nafagia vumbi kavu kutwa nzima bila hata kitambaa cha kufunga pua, kikohozi kingekosaje? Wario alinitania akisema mimi na gari lake tumezaliwa mama mmoja. Tulicheka sote.

Siku moja Mutuma alikuwa Garbatulla kambini pamoja na daktari wa mifugo, mkuu wetu. Wario alipitia huko na gari, Mutuma akalisikia, akafungua boneti, akaona karatasi iliyoloa ikakauka, imeganda vumbi kama ugali wa jana. Hakuwa na nyingine. Wario alipoondoka kurudi mjini, Mutuma akaingia kwenye simu ya upepo, ile ya kusema halafu unamalizia na "ova", akaita ofisi ya Isiolo. Karani wa simu alipokea huku upepo unanguruma kwenye spika, kisha akatoka barazani kumpasha Mzee Galgalo habari. Mimi nilikuwa ndani ya ofisi ya pili, nimepiga magoti napiga deki, mlango wazi. Nilisikia kila neno.

"Mutuma inasema klina imechoka," alisema karani. "Imejaa vumbi, imeziba, haivuti hewa. Inasema isioshe tena. Ibadilishwe leo leo, kabla haijaharibu zingine."

Mkono wangu ulibaki juu ya sakafu na kitambaa. Nilifikiri nimesikia vibaya. Mutuma alikuwa amesema "isioshwe tena", nilijua hilo baadaye sana, lakini ile "w" ilimezwa na upepo mahali fulani juu ya Kulamawe, na kilichofika barazani ni klina ambayo isioshe tena. Kabla haijaharibu zingine! Mwenyewe alimaanisha mashine za ndani ya injini. Mzee Galgalo alisikia watu. Akamwuliza karani kama maneno ni ya Mutuma mwenyewe au ya daktari. Karani akasema wako pamoja huko. Hiyo ilitosha. Mzee alidhani Mutuma ni mdomo tu, na maneno ni ya daktari, na daktari ni daktari hata kama wagonjwa wake wana pembe.

Akaniita. Nilitoka nikipangusa mikono, na nilipokaribia akarudi nyuma. Huyo ndiye mtu ambaye usiku uliotangulia alinimegea mfupa wenye mafuta. Akaniambia, akiangalia mti nyuma yangu, kwamba kazi yangu imeisha leo, kwamba kifua changu kimesemwa mpaka Garbatulla, na kwamba hana la kufanya. Nikamwuliza nani ameona kifua changu kutoka Garbatulla. Akaniita intala, yaani msichana kwa Kiborana. "Intala, wewe ni kama binti yangu. Lakini kifua kikuu haijui binti." Ndipo nikaelewa wanachofikiri. Sikulia. Nilipigwa na butwaa nikasimama pale nimeshika kitambaa kinachodondosha maji kwenye viatu vyangu, na akilini kulikuwa na jambo moja tu: Mutuma, Mutuma niliyemwekea chai ya sukari nyingi kila asubuhi, ndiye aliyenimaliza.

Niliporudi nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mzee alikuwa amepitia njia ya mkato. Nilisikia kupitia ukuta wa madebe wakibishana kwa sauti ya chini, Mama Sofia akisema kila mtu anakohoa mwaka huu, hata mbuzi wanakohoa, na Mzee akisema neno limetoka kwa daktari, na kwamba Sofia anakuja kujifungulia hapa, je, anataka mjukuu azikwe? Jioni Mama Sofia hakuniita. Nilikaa kitandani nikisikia mkeka ukitandazwa, maji yakimwagwa ya kunawa, kisha hatua zake mpaka mlangoni kwangu. Alipoondoka nilifungua. Chini, kwenye vumbi, kulikuwa na sahani ya bati ya buluu, wali na nyirinyiri, nyama nyingi kuliko siku zote. Sijawahi kuchukia nyama kama nilivyoichukia ile.

Nilikwenda hospitali. Nikatema kwenye kikopo, nikangoja, nikarudi kuchukua majibu, nikaambiwa sina kitu, ni vumbi, nifunge kitambaa puani nikifagia. Nikakimbia nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi. Mzee Galgalo akanisikiliza akiwa upande wa pili wa ua, akasema alhamdulillahi, akasema watu wa hospitali nao hukosea, tungoje kidogo. Sahani ikaendelea kuja. Mtaani wale waliokuwa wakinishika mkono wakaanza kunisalimu kwa kichwa. Mwuza maziwa akamimina kwenye kikombe changu kutoka juu, kwa mbali, bila kikombe kugusa kibuyu. Na cha kushtusha zaidi, ambacho hata leo nikikikumbuka natikisa kichwa, ni kwamba nilianza kuzoea. Jioni ikifika nilikuwa nasogea mlangoni mwenyewe kungoja sahani yangu. Nikipita karibu na watoto nilikuwa najifunika mdomo. Nilijua sina ugonjwa, na bado nilijifunika.

Siku niliyokwenda ofisini kurudisha ufunguo wa ofisi ndiyo siku gari liliporudi likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori la mbuzi lililotoka Garbatulla. Lilikuwa limekufa kwenye njia ya Kulamawe, jua la saa sita, barafu ikayeyuka na chanjo ikaharibika yote. Wafugaji walikuwa wamekusanya mifugo wakangoja bure. Nilimnyooshea Mzee Galgalo ufunguo, akaniambia niutundike tu kwenye waya wa ua. Nilikuwa bado nautundika wakati Mutuma aliporuka chini kutoka juu ya lori, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Mimi sikutaka kumwona. Yeye hakuniona kabisa. Alikwenda moja kwa moja kwenye boneti, akafungua nati ya kipepeo, akanyanyua mfuniko, akaitoa ile karatasi na kuinua juu mbele ya wote.

Akauliza nani aliyeruhusu gari litoke na hii. Mzee Galgalo akasema hajui anauliza nini. Mutuma akasema yeye mwenyewe alipiga simu kutoka Garbatulla kwamba klina ibadilishwe.

"Lakini tulibadilisha," alisema Mzee Galgalo. "Siku ile ile."

"Mlibadilisha? Mpya iko wapi?"

Na Mzee, kwa uhakika wote wa mtu aliyetii amri, akanyoosha kidole barazani ambako mama mmoja niliyekuwa simjui alikuwa anafagia. "Ile pale na fagio."

Mbuzi kwenye lori walikuwa wanalia, sisi hatukuwasikia. Mutuma alimwangalia yule mama, akaangalia karatasi mkononi mwake, kisha akageuka na ndipo akaniona, mimi niliyesimama kwenye waya wa ua. Niliona uso wake ukielewa hatua kwa hatua. Karani wa simu alikuwa ameshika kichwa. Wario alianza kucheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha. Nami nilijikuta nimekaa chini mchangani, si kwa kupenda. Basi ni gari? Nimelazwa njaa ya watu, nimenyimwa mikono ya watu, kwa sababu ya karatasi ya gari?

Mutuma hakuomba radhi kwa maneno. Aliniita kwa jina langu, Esta, njoo, na akaanza kunieleza kana kwamba hapakuwa na mtu mwingine. Aliielekeza karatasi kwenye jua. Ukiona mwanga unapita kati ya mikunjo, alisema, gonga vumbi, rudisha. Usipoona mwanga, imekufa, na kama imeloa au imetoboka pia imekufa, hata ikionekana nzuri. Usingoje kinachosemwa na kitabu cha gari. Kitabu kiliandikwa mahali pa lami. Njia hizi zetu, iangalie kila gari linaporudi. Moshi mweusi na kukosa nguvu ni kilio chake. Akamwamuru Mzee Galgalo alete mpya, na Mzee akaenda mbio. Mutuma akaziba mdomo wa bomba la injini kwa kitambaa safi ili uchafu usidondoke ndani, akapangusa nyumba ya klina kwa kitambaa chenye unyevu, akatoa kile cha kuziba, akanipa mpya niiweke kwa mkono wangu na nipapase mpira wake pande zote ukae sawa. Nilikaza nati mwenyewe. Wario akawasha. Gari likanguruma safi, moshi ukapungua ukaisha, na watu wote wakapiga makofi. Wakaliamini gari palepale.

Jioni ile, magharibi ilipokwisha, nilikuwa nafunga vitu vyangu. Mzee Galgalo akaja mpaka karibu na mlango, akasimama kwa mbali kidogo kama siku zote hizo. Aliniomba radhi, na alikuwa ameshaniomba ofisini mbele ya watu, siwezi kumnyima hilo. Akasema nirudi kazini, klina mpya imetolewa. Nikamwuliza yule mama wa fagio amekosa nini. Akasema hakukosa kitu. Nikastaajabu, na hasira ikanipanda mpaka shingoni, lakini sikumjibu hilo. Nilimwambia, "Mzee, nauliza kitu kimoja tu. Leo nakula wapi?"

Akaangalia chini. Mama Sofia alikuwa ametoka jikoni na sahani yangu ya buluu mkononi, imeshapakuliwa. Alisikia swali. Alimwangalia mumewe, kisha akageuka, akaenda kwenye mkeka, akaipindua ile sahani juu ya sinia, na kwa mkono wake akachanganya wali wangu na wao mpaka hakuna ambaye angejua upi ni wa nani. Akaniita ninawe. Nikakaa. Nikamega tonge la kwanza, na yeye akamega hapo hapo nilipotoa mkono, akala.

"Baba Sofia, keti ule," alisema. "Umesikia kwa masikio yako ni gari."

Mzee alikaa. Alinawa. Alisema bismillahi na kunyoosha mkono, na mkono ukafika juu ya wali ukasimama. Akasema bismillahi mara ya pili. Nilikuwa namtazama usoni, na hapakuwa na ubaya, wallahi, palikuwa na hofu tupu na aibu ya kuwa na hofu. Alijua ni gari. Aliiona karatasi, aliileta mpya mwenyewe kutoka stoo. Alijua yote, na mkono haukushuka. Akainuka, akasema hana njaa leo, akachukua kofia yake akaelekea mlangoni, aende msikitini wakati ambao haukuwa wa sala.

Niliacha kutafuna. Nilidhani ukweli ukijulikana basi, mambo yamekwisha; nilikuwa nimeungoja ukweli kwa siku zote zile, na sasa umekuja na mtu ameuinukia akaondoka. Nikaanza kutoa mkono kwenye sinia. Mama Sofia akaushika kifundo, akaurudisha, akasogeza nyirinyiri upande wangu.

"Kula, Esta," alisema, bila kupunguza sauti, na mumewe alikuwa bado anavaa viatu mlangoni. "Huyu atazoea. Wewe usizoee."